Kisanduku Kilichoita Mwizi

Sindano ya jicho inauma. Naanza na hilo kwa sababu mie niliambiwa haiumi, nikaenda nimejiachia, nikakiona cha mtema kuni. Wewe uliyeambiwa juzi kwamba sukari imepanda mpaka machoni, usimsikilize anayekwambia ni kama kuumwa na mbu. Mbu gani huyo anayekuingia ndani ya jicho huku unamtazama? Inauma, kisha inapita, na kesho yake unaamka jicho jekundu na mto umeloa. Ukishajua hivyo unakwenda umekaza meno, na ukikaza meno inakuwa nafuu kidogo.

Jina langu Mwanahamisi, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Woolwich, London. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea: kuwageuza, kuwaogesha, kuinua watu wazito kunishinda. Siku moja namlisha bibi mmoja uji, nikaona nyuzi nyeusi zinaelea mbele ya uso wake. Nikazifuta kwa mkono. Nikazifuta tena, yule bibi akadhani nataka kumzaba kibao, akapiga yowe mpaka msimamizi akaja mbio. Kumbe zile nyuzi ni damu, na damu yenyewe imo ndani ya jicho langu. Jioni ile jicho la kulia likafunga kabisa. La kushoto likaanza kufuata kabla miti haijamaliza kupukutika.

Habari za ugonjwa wenyewe sitakueleza, madaktari wapo. Mie nitakueleza chumba cha kungojea. Unatiwa matone, mboni inapanuka, kisha taa ya kawaida ya darini inakuchapa makofi. Huwezi kutazama juu, basi unatazama viatu vya watu. Jina langu hakuna aliyeliweza. Ilifika mahali nikawa nainuka kwa jina lolote linaloanza na sauti ya M, na siku moja nikaingia kwa zamu ya mzee wa Kizungu, nikalala kitandani, dawa imeshavutwa ndani ya sindano, ndipo daktari akauliza kama mie ndiye Bwana Martin. Nikamwambia, "Nitazame vizuri, daktari. Kama wewe nawe huoni, sote tumekwisha."

Lakini rehema zilikuwepo. Kulikuwa na muuguzi mmoja kutoka Kisii, sauti nzito, mikono mizito. Siku ya sindano ya pili nilikuwa natetemeka mpaka kitanda kinalia. Akaniambia, "Mama, daktari hataki nikuguse mikono. Nipe mguu." Akanikamata kidole gumba cha mguu, akakiminya kwa nguvu zake zote. Wallahi nilimtukana yeye, nikasahau jicho. Tangu siku ile kila sindano nilivua kiatu kabla sijaambiwa. Mungu amzidishie.

Nyumbani ndiko kulikowaka moto. Mwili wangu ulikuwa si wangu: uso umevimba, miguu ina alama za kugonga kila pembe ya kila meza, nyingine zambarawe, nyingine kijani, binti yangu ndiye aliyeniambia rangi. Vikombe vilivunjika mkononi mwangu mpaka tukahamia vya plastiki. Nikimimina chai inamwagika, nikitafuta chumvi nashika sukari, adui yangu mwenyewe. Siku moja nikamimina wali wote sakafuni nikidhani trei iko pale, nikaichukua ile sufuria nikaipiga ukutani mpaka jirani wa juu akagonga. Nami nikamgongea. Hasira za kipofu mpya usizichezee. Kama unazo, piga sufuria, usimpige mtu.

Binti yangu, Sabra, ana miaka kumi na sita. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Nilimtaka anisomee kila kitu: kopo la maharagwe, namba ya basi, kitabu changu cha hadithi nilichokiacha katikati. Alisoma harakaharaka, anaruka mistari, najua anaruka. Siku moja akakitupa kitabu, akasema kwa Kiingereza chake kwamba yeye ni mtoto, si macho yangu. Alikuwa amesema kweli, na kweli ile iliniuma kushinda sindano.

Na mume wangu, Athumani, dereva wa gari la vifurushi, mtu wa maneno machache. Mama yake, yaani mavyaa wangu, alipiga simu kutoka Mombasa kila Ijumaa baada ya swala, na kila Ijumaa wimbo ulikuwa ule ule. "Mrudishe, mwanangu. Kipofu London atafanya nini? Hapa atakaa barazani, watu watampikia." Athumani anaitikia hewala mama, hewala mama. Mie nasikia yote, maana walisahau kwamba nimepofuka, sijazibika masikio. Nikirudi, jicho la kushoto, ambalo lilikuwa bado na ufa wa mwanga pembeni, nani atalidunga? Na Sabra nimwache na nani, na yuko kwenye mitihani yake?

Baada ya sindano ya tano tukagombana mpaka sauti zikakauka. Mwisho Athumani akasema, "Mama Sabra, tufanye hivi. Ukiweza kutoka na kurudi peke yako, unabaki. Ukishindwa, Idd hii unaila kwa mama."

Nikasema haya.

Ndipo kikaja kisanduku. Ni kidude cha kuning'iniza shingoni, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, kina kamera ndogo na kisauti cha sikioni. Kinakusomea vitabu, na ukikielekeza mahali kinasoma kilichoandikwa: jina la duka, bei, namba ya basi. Siku ya kwanza kiliniambia "maharagwe" nikakibusu. Nilimaliza kile kitabu changu, neno kwa neno, hakuna mstari ulioruka. Nikaanza kwenda mpaka kituo cha basi, kisha mpaka duka la kona, kisha barabara kuu yenyewe, fimbo nyeupe mkononi. Nikirudi nagonga mlango wangu kwa nguvu ili Athumani asikie kwamba nimefika.

Kisha nikaibiwa. Mchana kweupe, barabara imejaa watu. Mkono ulikamata ule mkanda wa shingoni kutoka nyuma ukavuta, na mkanda haukukatika upesi. Niliburutwa nao. Nilipigwa ngumi ya sikio, nikaanguka kidevu kwanza, jino likavunjika, mdomo ukajaa damu na kokoto. Kisanduku kilikuwa na king'ora chake, kikalia pii, pii, pii, kikaenda zake kinalia hivyo hivyo mpaka kikapotelea mbali. Nililia "Help!" Nilisikia viatu vinanipita. Vingine vilinizunguka.

Athumani aliponiona alipiga mlango wa kabati ngumi moja, mkono ukatokea upande wa pili. "Basi!" akasema. "Imekwisha. Unakwenda kwa mama."

"Idd bado," nikamwambia. Meno hayakutosha kwa maneno, lakini alinielewa.

Tulikuwa na kikundi chetu cha watumiaji wa visanduku, watu wa Kiswahili mchanganyiko, tukikutana kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko la Woolwich. Kampuni iliyotengeneza kisanduku ikamtuma binti mmoja Mwingereza na kompyuta yake aje asikie tunataka kiongezewe nini. Mimi nikaenda na kidevu changu chenye nyuzi za kushonwa.

Bi Time, mama wa Unguja, mpole wa sauti na mkali wa maneno, akaanza yeye. "Mie nataka kikumbuke nilipolala. Nalala, chenyewe chasoma tu. Nikiamka muuaji keshakamatwa, nami sijui nani kauawa."

Watu wakacheka. Mzee Kilonzo, Mkamba wa Machakos, hakucheka.

"Mambo ya usingizi mtaongea baadaye," akasema. "Mimi nimeibiwa mara mbili. Mara ya pili walinipiga teke hapa kwa mbavu. Hii kitu ililia pii pii mpaka ikachoka, na hakuna mtu aligeuka. London hii hata friji inalia pii. Tunataka sauti itafanya watu wasimame."

"Sauti gani?" binti akauliza, maana Kilonzo alikuwa akimtafsiria anayoyataka yeye tu.

"Mtu akivuta mkanda, kisanduku kiite mwizi. Kwa Kiswahili. Hapo sokoni nusu ya wenye meza ni watu wetu. Wakisikia hiyo neno watakuja."

Nikasema, "Watakuja, ndiyo. Kisha?"

"Kisha mwizi atajua hajui."

Nikawaeleza. Nimekulia karibu na soko la Kongowea, kule Mombasa. Nikiwa msichana nilimuona kijana aliyeitiwa neno hilo kwa ajili ya kuku. Hakuna aliyemuuliza jina. Walimpiga kwa mawe na magongo na viatu, na akina mama wa mboga, watu wazima waliotoka kunipa salamu, wakammalizia kwa mawe ya mizani. Alipokwisha kutulia, kuku akatoka chini ya meza, anadonoa. Neno lile haliulizi, nikawaambia. Ukishalitoa mdomoni si lako tena.

"Hiyo ni huko," akasema Kilonzo. "Hapa watu ni wastaarabu."

"Watu ni wale wale, Mzee. Wamevaa makoti tu."

"Naye Bi Mwanahamisi asema kweli," akaingia Bi Time. "Nyie mwataka vita."

"Wewe huendi sokoni! Unaletewa!"

"Naletewa kwa kuwa nina watu. Wewe huna."

Loo! Kilonzo alikuwa mgane, watoto wake hawamjulii hali. Alipiga meza kwa fimbo, fimbo ikakutana na chupa ya chai, chupa ikafunguka mapajani mwangu. Nikapiga yowe. Bi Time akadhani nimepigwa, akazungusha mkoba wake wenye kila kitu cha chuma alichotoka nacho Unguja, ukampata asiyehusika. Asiyehusika naye alikuwa na fimbo. Yarabi, ugomvi wa vipofu! Kila mmoja anapiga inakotoka sauti, na kila anayepigwa anatoa sauti. Binti wa kampuni alikuwa chini ya meza, analia tafadhali, tafadhali. Nilipigwa bega, nami nikarudisha, sijui nilimrudishia nani.

Tulipochoka tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. "Na nani ahesabu?" Bi Time akauliza, akihema. Akahesabu binti, mwenye macho peke yake. Mie na Bi Time tulishindwa. Kisha binti akauliza lile neno maana yake nini.

"Maana yake ni msaada," Kilonzo akamjibu kwa Kiingereza.

"Msaada wa namna yake," akanung'unika Bi Time, lakini kwa Kiswahili.

Vikaletwa visanduku vipya vya majaribio, sauti ya Mzee Kilonzo imo ndani. Changu cha kwanza kimeibiwa, kingine sina, Ramadhani inagonga mlango, na Athumani ameshauliza habari za ndege. Nifanye nini? Neno nililolikataa nikalivaa shingoni.

Ilikuwa siku chache baada ya sindano ya nane, jua la kwanza la maana baada ya baridi. Nilitoka kwenda sokoni kununua mihogo na mbaazi za futari. Sikujua kwamba Athumani ameomba ruhusa kazini na ananifuata nyuma, hatua kwa hatua. Baadaye aliniambia alitaka kuniona nikishindwa kwa macho yake, ili moyo wake utulie akinipakia ndege. Nilikuwa nikienda vizuri. Kisanduku kinanisomea meza moja baada ya nyingine: ndizi, viazi vitamu, bamia. Nikashuka ukingo wa barabara, sikusikia baiskeli ya umeme inayokuja mbio, maana zile hazina mlio. Athumani aliiona. Akaruka, akashika alichokifikia kwanza, nacho ni mkanda wa shingoni mwangu. Akanivuta nyuma kwa nguvu za kuokoa mtu.

"MWIZI!" kikaita kisanduku. "MWIZI! MWIZI! SHIKA HUYO!"

Kilonzo hakuwa ametuambia habari za "shika huyo". Aliongeza mwenyewe.

Mwanzo nilisikia meza zinasukumwa. Kisha miguu mingi, na safari hii haikunipita. Mkono ulioshika mkanda ukang'olewa. Nikasikia kipigo cha kwanza, kizito, chenye maji: muuza samaki, Mkongo mmoja, amempiga mtu kwa nguru wa barafu. Kisha kreti la mbao. Kisha mateke, yale yanayotoa pumzi mtu bila yeye kutaka. Watu wanaitana kwa Kiswahili cha kila namna, mmoja anasema mpige miguu asikimbie, na juu yao wote sauti ya Kilonzo haikomi. Mie nimesimama, na ndani yangu, nakwambia ukweli, kuna kitu kilichofurahi. Kidevu changu kilifurahi.

Kisha yule anayepigwa akaita, "Mwana! Mwana wee!"

Jina hilo, kwa sauti hiyo, linaitwa na mtu mmoja tu, tena tukiwa peke yetu.

"Ni mume wangu!" nikapiga kelele. Nani asikie? Kisanduku kinaniita mwongo kifuani. Nikakivua, nikakipiga kwenye ukingo wa barabara mara ya kwanza, kikaita. Nikakipiga tena na tena kwa mikono miwili mpaka kikapasuka na vidole vyangu vikapasuka. Nilijua ninavunja nini. Nilikuwa navunja Woolwich yangu, na jicho langu, na kukaa na mwanangu. Nikavunja. Kikanyamaza.

Kisha nikaingia na fimbo. Sikuchagua. Nilipiga magoti, nilipiga masikio, nilimpiga muuza samaki mpaka nguru akamtoka mkononi. Mtu akanishika kiuno, nikamng'ata. Nilimfuata Athumani kwa sauti ya kupumua kwake, nikamlalia juu, nikapokea mateke mawili yaliyokuwa yake. "Ni mume wangu, washenzi nyie! Ni baba wa mwanangu!" Hapo ndipo walipokoma. Muuza samaki akakaa chini barabarani akalia kwa sauti, nisamehe kaka, nisamehe kaka. Athumani hakutaka kesi na mtu.

Ya kikundi niyamalize. Nilikwenda nimebeba vipande, nikaviweka mkononi mwa binti wa kampuni, nikamweleza lile neno maana yake. Akavikusanya visanduku vyote siku ile ile. Mzee Kilonzo alinipapasa mkono akasema, "Mama, sauti ilikuwa yangu." Nikamwambia sauti ilikuwa yake na fimbo ilikuwa yangu, tusahau. Bi Time akamwalika futari. Kipya kinachokuja, wanasema, kitakumbuka mtu alipolala.

Lakini siku ile ya soko tulipelekwa hospitali mimi na Athumani. Mbavu zake zimevunjika, uso umejaa, macho yote mawili yamefumba kwa uvimbe. Akawa hajui wapi mlango. Mie vyumba vya kungojea navijua. Nilimtafutia kiti karibu na ukuta, mbali na mlango unaoingiza baridi. Nilimwambia asiogope akisikia jina limeharibiwa, ainuke tu. Alipotaka choo akashika kiwiko changu nikampeleka kwa kupapasa ukuta, naye akajigonga mlangoni akaguta.

"Inua mguu," nikamwambia.

"Nitajuaje?"

"Utajua. Mie nilijua."

Tukarudi kitini. Kisanduku sina tena, mshindi wa ubishi wetu ni yeye, nami nikawa nangoja atamke kwamba nakwenda kwa mama. Simu yake ikalia. Ilikuwa Ijumaa. Hakuweza kukiona kitufe, nikambonyezea, sauti ikatoka wazi.

"Athumani mwanangu, mbona unaongea kama umetafuna kitambaa?"

"Nimepigwa, mama."

"Yarabi! Na nani?"

Mie nikashusha kichwa, maana sasa litatajwa jina langu.

"Wezi, mama," akasema. "Sokoni. Walikuwa wengi."

"Na nani kakutoa?"

"Mke wangu."

"Mkeo yupi?"

"Kwani ninao wangapi, mama?"

"Yule kipofu?"

"Huyo huyo. Kawachapa fimbo wote."

Kisha mavyaa akasema, "Mpe simu."

"Abee, mama," nikaitika.

"Mwanahamisi. Umewapiga kweli?"

"Nimewapiga, mama."

"Walikuwa wangapi?"

"Sikuwaona, mama."

Athumani alicheka, akajishika mbavu, akalia, akacheka tena. Mavyaa hakucheka.

"Basi kaa huko huko," akasema. "Ukija huku, mwanangu nimwachie nani?"